Mama Asiyesikika: Filamu ya Psycho kwa Jicho la Saikolojia Changanuzi na Ufeministi

Nadharia za uhakiki huwatatiza watahiniwa wengi kwa sababu hukaririwa kama orodha ya mihimili, kisha hubandikwa juu ya kazi yoyote ile. Nadharia haifai kuwa lebo. Ni seti ya maswali. Tena nadharia moja inaweza kuihoji nyingine. Katika makala haya tunaitumia filamu ya kutisha ya Psycho, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock na kutolewa mwaka 1960, ili kulionyesha jambo hili. Hoja yetu ni kwamba saikolojia changanuzi hutusaidia sana kumwelewa mhusika Norman Bates, lakini isipodhibitiwa na ufeministi hutufanya tumhukumu mwanamke ambaye hatukuwahi kumsikia akisema neno lolote.

Kwanza tuutazame msuko. Marion Crane ni karani katika ofisi ya mauzo ya nyumba mjini Phoenix, Marekani. Anataka kuolewa na Sam, lakini Sam amelemewa na madeni. Mwajiri wake anapomkabidhi dola 40,000 azipeleke benki, Marion anatoroka nazo. Usiku wa mvua anafika katika hoteli ndogo ya wasafiri inayoendeshwa na Norman, kijana mpole anayedai kumtunza mama yake mgonjwa katika nyumba iliyo mlimani. Baada ya kuzungumza naye, Marion anaamua kurudi na kuzirejesha fedha. Anaingia kuoga. Umbo la mwanamke mwenye kisu linamwua humo bafuni, kabla filamu haijafika hata nusu. Baadaye mpelelezi Arbogast anauawa vilevile. Hatimaye Lila, dadake Marion, anaigundua maiti iliyokauka ya mama katika chumba cha chini ya nyumba, na Norman anatokea akiwa amevaa gauni, wigi na kushika kisu. Mama alikuwa amekufa miaka kumi awali, naye mwuaji ni mwanawe.

Je, saikolojia changanuzi inatuambia nini? Kwa mujibu wa Sigmund Freud (1856–1939), sehemu kubwa ya nafsi imo katika ung'amuzibwete, mahali ambapo tamaa na hofu zilizozimwa hujificha zikisubiri mwanya. Freud aliigawa nafsi katika sehemu tatu: ile ya matamanio, ile ya utambuzi inayokabiliana na uhalisi, na ile ya maadili inayokataza na kukemea. Nyumba ya Bates inaweza kusomwa kama jazanda ya nafsi hiyo. Mwanafalsafa Slavoj Žižek ameonyesha kwamba ghorofa ya juu, inakotoka sauti ya mama inayokaripia, ni makao ya maadili. Sakafu ya kati, anakojifanya Norman kijana wa kawaida, ni makao ya utambuzi. Na chumba cha chini ni makao ya matamanio. Zingatia tendo la Norman kumbeba mama kutoka juu hadi chini. Sauti ya kukataza na tamaa iliyokatazwa ni maiti ile ile moja.

Aidha, katika insha yake ya mwaka 1917 kuhusu maombolezo, Freud alieleza kwamba mfiwa wa kawaida humwachilia marehemu polepole, ilhali aliyeshindwa kuomboleza humwingiza marehemu ndani ya nafsi yake na kuishi naye humo. Norman anafaa maelezo haya barabara. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka mitano. Akabaki na mama peke yake. Mama alipopata mpenzi, Norman aliwaua wote wawili kwa sumu. Kisha hakuweza kuubeba uzito wa kosa lake, akaiiba maiti, akaikausha kama walivyokaushwa ndege waliopamba ukuta wa ofisi yake, akaanza kusema kwa sauti ya mama. Hapa taharuki ya filamu na maelezo ya nadharia vinakwenda sambamba.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, simama hapo kidogo. Karibu na mwisho wa filamu daktari wa magonjwa ya akili anatoa maelezo marefu. Anasema mama alikuwa mwanamke mwenye kudai na kumbana mwanawe, na kwamba hilo ndilo lililomharibu Norman. Wahusika wanamsikiliza kimya, na watahiniwa wengi wangemsikiliza vivyo hivyo. Lakini daktari anakiri jambo zito: kisa chenyewe hakukipata kwa Norman bali kwa "mama", yaani nusu ile ya nafsi ya Norman inayojiita mama. Kwa maneno mengine, ushahidi wote dhidi ya mama umetolewa na mwuaji wake akiwa amevaa sauti yake. Mama mwenyewe tumemwona akiwa maiti tu. Hata katika utayarishaji wa filamu, sauti yake ilitengenezwa na waigizaji watatu, Virginia Gregg, Jeanette Nolan na Paul Jasmin, na wa tatu huyo ni mwanamume. Kinaya kilichoje! Mama anayelaumiwa kwa kusema kupita kiasi ndiye pekee ambaye hakusema lolote.

Ufeministi unaingia kupitia mwanya huu. Mwaka 1975 Laura Mulvey alichapisha makala mashuhuri akidai kwamba sinema ya Hollywood humfanya mwanamume kuwa mtazamaji na mwanamke kuwa kitazamwa, na kwamba kamera humwazima hadhira jicho la mwanamume. Psycho ni mfano wazi. Kabla ya mauaji, Norman anaondoa picha ukutani na kumchungulia Marion akivua nguo. Kamera inakaa pale pale penye jicho lake. Nasi tunachungulia pamoja naye. Picha aliyoiondoa inaonyesha kisa cha Susana na wazee, ambacho msomaji atakipata katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli katika Biblia ya Kikatoliki. Wazee wawili walimchungulia Susana akitaka kuoga, akawakataa, nao wakamsingizia uzinzi. Kwa hivyo kitundu cha Norman kimefunikwa na kisa cha wanaume wanaotazama, kisha wanamshtaki waliyemtazama. Ishara hii inaifupisha filamu nzima: Marion anatazamwa na kuuawa, mama anauawa na kushtakiwa.

Mwalimu akitaka mfano ulio karibu zaidi wa kufunza dhana ya kutazama, awaelekeze wanafunzi Kenyatta Market, Nairobi, soko lililo karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na linalosifika kwa nyama choma na kwa ususi. Mteja huketi katikati ya vibanda, wasusi watatu au wanne wakagawana kichwa kimoja ili kazi iishe upesi. Wapita njia humwona. Lakini hapo mwanamke si kitazamwa tu. Ana kioo chake. Hujitazama, huelekeza, hukataa msuko asioutaka, hupatana bei. Wigi na nywele za pakiti zimening'inia kila upande, wala hakuna anayedhani kwamba wigi ni mwanamke. Ni pambo analolichagua mwenye kichwa. Norman anafanya kinyume. Anamwondolea mama kazi yake, mapenzi yake na kauli yake, anabakisha wigi, gauni na kisu, kisha anayaita mabaki hayo "mama". Ndiyo maana tendo la wigi kumdondoka anaposhikwa na Sam lina uzito: tunaona kwamba chini yake hapakuwa na mwanamke.

Kioo nacho kimo katika filamu. Lila anapoingia chumbani mwa mama anashtuliwa na sura yake mwenyewe kwenye vioo viwili vinavyotazamana. Hitchcock huenda alikusudia kututisha tu. Lakini kwa usomaji wa kifeministi, mwanamke aliyekwenda kumtafuta mwanamke wa kutisha amejikuta yeye. Barbara Creed, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu mwanamke kama zimwi, alimpinga Freud aliyedai kwamba mwanamke humtisha mwanamume kwa kuonekana kama aliyehasiwa. Creed alisema kwamba mwanamke huyo hutisha kwa kudhaniwa kuwa ndiye mwenye kuhasi na kuadhibu. Ukikubaliana naye, mama wa Psycho ni zao la hofu ya mwanawe.

Msomaji anaweza kupinga: je, si kweli kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo? Huenda mama huyo alikuwa mkali kwelikweli. Inawezekana. Ufeministi haudai kwamba kila mama ni malaika, unadai ushahidi. Nasi Wakenya tuna sababu ya kudai ushahidi daktari anapoeleza nafsi ya asiyeruhusiwa kusema. J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika The Psychology of Mau Mau, iliyochapishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1954. Alivieleza vita hivyo kama zao la misukosuko ya akili ya watu waliotengana na mila zao, na hivyo suala la ardhi na uhuru likasukumwa nyuma. Frantz Fanon alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1961. Saikolojia ilitumiwa kumnyamazisha mwenye dai, kama inavyotumiwa kumnyamazisha mama wa Norman.

Funzo hili lina manufaa katika karatasi ya fasihi. Chukua riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Maimuna anapoingia katika maisha ya ufuska, mtahiniwa wa haraka huandika kwamba alikosa malezi ya mama. Lakini ni nani aliyemfungia ndani? Ni baba yake, Bwana Maksuudi, ambaye pia alimtaliki Bi Tamima. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha Rosa anapopotea shuleni jamii inamtazama yeye. Saikolojia changanuzi itakuonyesha jinsi tamaa iliyobanwa inavyolipuka. Ufeministi utakuuliza nani aliyeibana, na kwa mamlaka gani. Hoja yenye nguvu huyajibu maswali yote mawili. Nje ya darasa pia, yule msusi wa Kenyatta Market anayeshinda amesimama kutwa kutafuta karo anaweza kesho kulaumiwa kwamba mwanawe ameharibika kwa kukosa mama nyumbani. Alikokuwa baba, pengine hakuna atakayeuliza.

Unapohakiki kazi yoyote, basi, jiulize: Nani anayetazama? Nani anayesimulia habari za mwingine? Nani amenyamazishwa, na nani anafaidika na kimya chake? Jibu kwa kurejelea matukio mahususi, si kwa kutaja mihimili tu. Kwa mwalimu, kumbuka kwamba Psycho ina mauaji. Itazame kwanza mwenyewe kabla ya kuamua ni sehemu zipi zinazowafaa wanafunzi wako.

Maswali ya marudio

1. "Ushahidi dhidi ya mama umetolewa na mwuaji wake." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea filamu ya Psycho.
2. Eleza umuhimu wa ishara zifuatazo: wigi, kioo, ndege waliokaushwa, picha ya Susana.
3. Linganisha nafasi ya mzazi katika upotovu wa Maimuna na ule wa Rosa. Je, lawama imegawanywa kwa haki?
4. Onyesha jinsi ufeministi unavyokamilisha au kupinga maelezo ya saikolojia changanuzi katika kazi yoyote uliyoisoma.