Mcheza Kwao Hutuzwa?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii tumeizoea mno, hata hatuiulizi swali. Nani humtuza? Humtuza lini? Na mtu akicheza kwao miaka kumi na mitano, akacheza vizuri kuliko wenzake, kisha asipate tuzo, tuseme nini? Maswali haya yamenisumbua sana katika kazi ya ualimu, maana kuchagua watu ni sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini mahali nilipoyaona yakijibiwa hadharani, mbele ya mashahidi na kwa hesabu zisizofichika, ni katika kriketi ya Australia.

Msomaji asishangae. Najua kwetu kriketi huonekana mchezo wa watu wachache, unaochezwa polepole na kueleweka kwa shida. Haidhuru. Atosheke kujua kwamba mpigaji hutafuta mikimbio, mrushaji hutafuta kuangusha wiketi, mpigaji anayefikisha mikimbio mia katika zamu moja hupigiwa makofi na uwanja mzima, na mechi kubwa kuliko zote ni zile za Testi, za siku tano, baina ya mataifa. Kila mchezaji ana rekodi yake, nayo hubaki imeandikwa. Ndiyo maana kosa la mteuzi wa kriketi haliwezi kuzikwa kama linavyozikwa kosa la mwajiri.

Tuanze na chimbuko. Lord Sheffield, aliyeipeleka timu ya Waingereza Australia katika msimu wa 1891-92, alitoa pauni 150 ili mchezo uendelezwe. Fedha hizo zikafanyiwa ngao, na makoloni matatu ya wakati ule, New South Wales, Victoria na South Australia, yakaanza kuigombea mwaka 1892. Queensland iliingia 1926, Western Australia 1947, Tasmania 1977. Hadi leo majimbo ni sita tu. Kila timu hucheza mechi kumi za siku nne, nyumbani na ugenini, kisha mbili za juu hukutana katika fainali. Sita mara kumi na moja ni sitini na sita. Nchi nzima ina viti 66, na anayetaka kukalia kimoja lazima kwanza awashinde wenzake katika vilabu vya mtaani mwao. Mimi naiita Ngao ya Sheffield shule bora ya mchezo huo, na sababu si majengo wala fedha. Sababu ni kwamba nafasi ni chache na mtihani ni mrefu.

Shule hiyo ilipostawi sana, ilizalisha wahitimu kuliko nafasi za kazi. Katika msimu wa 1994-95 Australia iliingiza timu mbili katika mashindano ya mechi za siku moja: timu ya taifa, na timu ya pili iliyoitwa Australia A. Hiyo ya pili ikawatoa Uingereza na Zimbabwe, ikacheza fainali na kaka zake! Katika wingi huo wapo waliozama. Jamie Siddons alipata zaidi ya mikimbio 10,000 katika Ngao na hakucheza Testi hata moja. Jamie Cox wa Tasmania alivuka 18,000 katika mechi zote za daraja la kwanza, naye hakuitwa. Stuart Law aliitwa mara moja, Desemba 1995 kule Perth, akafikisha mikimbio 54 bila kutolewa, na hakurudi tena. Hajawahi kutolewa katika Testi, na kwa hiyo hana hata wastani.

Je, hao walidhulumiwa? Wengi husema ndiyo. Mimi sisemi hivyo. Mahali pa mtu mmoja hapakaliwi na watu watatu, na waliokuwa wamekaa walikuwa watu kama Mark na Steve Waugh. Stuart MacGill aliangusha wiketi 208 katika Testi 44, na angecheza nyingi zaidi kama asingezaliwa zama moja na Shane Warne, mwenye wiketi 708. Hiyo ni bahati mbaya, haikuwa dhuluma. Dhuluma ni pale mtu anapofaulu kwa kipimo alichopewa, kisha akaondolewa kwa kipimo kingine asichotajiwa.

Kwa hilo nitamtaja Brad Hodge wa Victoria. Aliitwa mwishoni mwa 2005, akapata mikimbio 203 bila kutolewa dhidi ya Afrika Kusini kule Perth. Mechi mbili baadaye akaachwa. Alimaliza na Testi sita tu na wastani wa karibu 56, ambao wapigaji wengi mashuhuri hawakuufikia. Wateuzi walimrudisha Damien Martyn, na kwa haki lazima niongeze kwamba Martyn alipata mikimbio 101 kule Johannesburg mwaka 2006 na kusaidia mechi kushindwa kwa tundu la sindano. Kwa hiyo uteuzi wenyewe ulizaa matunda. Lakini tunda tamu halifuti swali: mchezaji kijana aliyekuwa akitazama alijifunza nini juu ya thamani ya mikimbio mia mbili?

Upo ushahidi wa upande mwingine, nao ni mzuri kuusimulia. Michael Hussey alipata mikimbio 15,313 ya daraja la kwanza kabla hajacheza Testi yake ya kwanza Novemba 2005, akiwa na miaka 30. Alimaliza na mia 19 na wastani wa zaidi ya 51. Chris Rogers alipewa mechi moja mwaka 2008, akasahauliwa, akaitwa tena 2013 akiwa na miaka 35, na akawa nguzo. Adam Voges, naye wa miaka 35, alipata mikimbio 130 bila kutolewa katika Testi yake ya kwanza kule Dominica mwaka 2015, baada ya msimu mmoja wa Ngao uliompa zaidi ya 1,300. Scott Boland alirusha mpira kwa Victoria miaka na miaka. Alipoitwa Desemba 2021 akiwa na miaka 32, aliangusha Waingereza sita kwa mikimbio saba, mbele ya watu wa nyumbani kwao Melbourne. Hawa walitoka shuleni wameiva. Hawakuhitaji kufundishwa kazini.

Hapo mtu wa hesabu atasema: basi tuondoe wateuzi, tusome orodha ya wastani kutoka juu kwenda chini. Hapana. Januari 1992 wateuzi walimwita kijana mnene kiasi, mwenye mechi chache mno za daraja la kwanza, aliyezungusha mpira kwa namna ya ajabu. Katika Testi yake ya kwanza, Sydney dhidi ya India, alitoa mikimbio 150 kwa wiketi moja. Orodha ingemfukuza. Wateuzi walimvumilia, na kijana huyo ndiye Warne. Mwalimu yeyote anafahamu jambo hili. Katika chuo cha ualimu yupo mwanachuo mwenye alama nzuri ambaye darasani hawezi kunyamazisha watoto ishirini, na yupo mwenye alama za wastani ambaye akishika chaki watoto humsahau mpaka mlango. Jicho la mwalimu lina kazi yake.

Kwa hiyo lawama yangu kwa wateuzi wa Australia si kwamba walifuata jicho badala ya daftari, wala daftari badala ya jicho. Lawama yangu ni kuchagua kwa jicho na kuhukumu kwa daftari. Ukimwita mtu kwa sababu ya ahadi uliyoiona ndani yake, umejifunga kumpa muda wa kuitimiza. Warne alipostaafu Testi Januari 2007, wakaitwa warushaji wa kuzungusha mmoja baada ya mwingine. Jason Krejza aliangusha wiketi 12 katika mechi yake ya kwanza kule Nagpur mwaka 2008, akacheza Testi moja zaidi tu. Bryce McGain alipewa mechi moja, 2009, akiwa na miaka 36. Mchezo huo wa kujaribu na kutupa ulikoma mwaka 2011 alipopatikana Nathan Lyon, aliyekuwa mtunza uwanja kule Adelaide, na kilichomjenga Lyon ni kuachwa acheze hata katika siku mbaya.

Tabia hiyo haikufa. David Warner alipostaafu Testi Januari 2024, nafasi ya kufungua zamu hakupewa Cameron Bancroft, aliyeongoza kwa mikimbio katika Ngao msimu wa 2022-23. Alihamishiwa hapo Steve Smith, ambaye hakuwa mfunguaji, na baada ya mechi nne jambo likaachwa. Novemba mwaka huohuo akaitwa Nathan McSweeney, ambaye naye hakuzoea kufungua kwa jimbo lake, akatupwa mbele ya Jasprit Bumrah, na baada ya Testi tatu akaondolewa. Mahali pake akawekwa Sam Konstas, kijana wa miaka 19. Konstas alifurahisha uwanja kwa mikimbio 60, lakini katikati ya 2025 naye alikuwa anatafutiwa mbadala. Huwezi kumpeleka mwanachuo wa hisabati akafundishe historia, ukamkagua dakika arobaini, kisha ukaandika kwamba hafai.

Lipo pia jambo la kalenda. Tangu 2011 ligi ya Big Bash ya mechi fupi imechukua kiini cha kiangazi, na Ngao imesukumwa mwanzoni na mwishoni mwa msimu. Wakati Testi kubwa zinachezwa, mpigaji anayetaka kubisha hodi hana mechi ndefu ya kubishia. Tena wachezaji wa taifa hawaonekani sana majimboni, kwa hiyo kijana hapati kupimwa na walio bora. Mtihani umefupishwa, kisha watahini wanalalamika kwamba hawaoni alama.

Kwetu Afrika Mashariki tunalo somo. Machi 2003, katika Kombe la Dunia, Kenya ilicheza na Australia kule Durban. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa amekwisha staafu na kurudishwa akiwa na miaka 39, aliangusha wiketi tatu kwa mikimbio saba tu. Waliotolewa ni pamoja na Ricky Ponting na Darren Lehmann, yule aliyepata mikimbio mingi kuliko mtu yeyote katika historia ya Ngao. Kenya ilifika nusu fainali. Miaka kumi na mmoja baadaye ilikuwa imepoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Wateuzi wa Kenya walikuwa na macho mazuri mwaka ule, lakini chini ya timu hapakuwa na ngazi imara ya kupandisha warithi. Australia ilipofungwa ilirudi kwenye majimbo yake sita na kuchota tena.

Ndiyo maana naogopa wateuzi wanapoidharau Ngao hata kwa nia njema. Anayeachwa hubeba uchungu wake, lakini shule ndiyo hubeba hasara. Siku wachezaji wa viti vile 66 watakapoamini kwamba siku nne za jasho kule Hobart hazina bei, watakwenda penye mechi fupi na fedha ndefu, na hakuna atakayekuwa na haki ya kuwalaumu. Mcheza kwao hutuzwa, naam. Lakini tuzo haishuki yenyewe kutoka mbinguni. Kuna watu waliopewa kalamu ya kuiandika, na wajibu wao wa kwanza ni kumwambia mchezaji, kabla hajaingia uwanjani, ni kipi watakachompimia.