Faili la Adui

FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, kwa kuunganisha vyama vitatu vya Wamsumbiji waliokuwa nje ya nchi yao. UDENAMO ilianzia Bulawayo, UNAMI ilikuwa na watu wake Nyasaland, na MANU ilitokana na Wamakonde na wenzao waliokuja Tanganyika na Kenya kutafuta riziki, wengine kwenye mashamba ya mkonge. Mwanahistoria wa chama cha namna hii aanzie wapi? Karatasi zake zimetapakaa kuliko hata wanachama wake.

Ndiyo maana navutiwa na kazi ya watafiti kama George Roberts, ambaye kitabu chake kuhusu Dar es Salaam ya enzi hizo kilitoka 2021. Mtu wa kazi hii hakai na jalada moja. Atasoma ripoti ya ubalozi mmoja, aifuate ya ubalozi hasimu, kisha gazeti la Dar la wiki ileile, akitafuta nani alisikia nini, na kwa nani. Balozi tatu zikiandika jambo lilelile, si lazima ziwe mashahidi watatu. Huenda zote zilimsikia mtu mmoja tu, jioni, hoteli ya New Africa.

Kazi ngumu zaidi iko Lisbon, kwenye hifadhi ya Torre do Tombo, yalipo majalada ya PIDE, polisi wa siri wa Ureno. Wachache waliwafuatilia viongozi wa FRELIMO kwa bidii kama hao waliotaka kuwamaliza. Lakini jasusi hulipwa kwa kuleta habari, na zikikosekana hataki kurudi mikono mitupu. Mtafiti mvivu hunakili. Mtafiti hodari huuliza: huyu alikuwemo chumbani au alisimuliwa? Kati ya tukio na ripoti zimepita siku ngapi? Ugomvi anaoutaja unaonekana pia kwenye karatasi ya mtu asiyekuwa na cha kuuza? Ukionekana, hapo pana jambo.

Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi chenye kitabu katika nyumba ya rafiki, Oyster Bay. Ndani mlikuwa na bomu. Tangu siku hiyo watu wanauliza nani alilituma. Katika makala yake ya 2017 Roberts hakukimbilia kumnyooshea mtu kidole. Alirudi nyuma hadi 1968, kwenye vurugu za wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini na uvamizi wa ofisi ya chama mwezi Mei, akaonyesha jinsi mpasuko wa ndani, siasa za Watanzania wenyewe na Vita Baridi vilivyomzunguka Mondlane kabla kifurushi hakijafika. Mpenzi wa riwaya za upelelezi atanuna. Mimi nauheshimu sana ujasiri huo wa kutotaja jina.

Wapo watafiti wanaopenda ramani kubwa. Mwaka 1998 Margaret Keck na Kathryn Sikkink waliueleza mtindo wa bumarangi: wanaharakati waliofungiwa mlango nyumbani hupeleka kilio nje, ili walio nje waibane serikali ile ya nyumbani. Ni wazo zuri na limewafaa wengi. Ila bumarangi hupita juu sana, haitui mahali kama Kongwa, Tanzania.

Kongwa alikwenda mtafiti Christian Williams. Palepale ulipofia mradi wa karanga wa Waingereza, kambi ya wapigania uhuru ilifunguliwa 1964, na SWAPO wa Namibia walikuwemo. Williams aliwatafuta waliowahi kuishi kambini, akawauliza habari za kila siku: amri, vyeo, ujirani na wanakijiji, na kisa cha wapiganaji saba waliolalamikia uongozi 1968 wakaishia gerezani. Mambo hayo hayamo kwenye hotuba za maadhimisho. Hupatikana kwa kukaa na mzee mmoja hadi amalize, kwenda kwa mwenzake, kisha kurudi kwa yule wa kwanza na lile ambalo wa pili amelikana.