Yaliyobaki Chini ya Mkorosho

Mzee alikuwa akija kusuluhisha na maji yake. Chupa ndogo iliyopauka, ameizungushia kitambaa, ameitia katika kikapu cha ukili pamoja na miwani. Katika nyumba yenye shauri mbele yake hakuonja kitu: si chai, si muhogo, si dafu. Watu wa Pangani wanajua uzito wa kukataa dafu la mtu. Naye aliujua, kwa hiyo hakukataa kwa ukavu. "Liwekeni," alisema, "mkishapatana nitalinywa." Dafu likawekwa, wagombanao wakabaki wakilitazama.

Nilikuwa kijana, nikimsaidia kuandika katika baraza la kata, na nilidhani anaogopa rushwa. Akanirekebisha: rushwa, mwanangu, ikija kila mtu anaijua, kinachoinamisha mzani ni ukarimu. Aliyekupa maji kwenye jua kali hakuombi kitu, na kwa sababu hiyo hiyo moyo wako utamtafutia cha kumpa.

Shauri nisilolisahau ni la ndugu wawili wa tumbo moja, na minazi aliyoiacha mama yao. Pwani kwetu mnazi unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine. Ugomvi wake huenda mbali kuliko mizizi yake. Mzee alizungumza na kila mmoja peke yake chini ya mkorosho uliokuwa nyuma ya nyumba, kaka kwanza, mdogo baadaye. Mzee alimwahidi kila mmoja kwamba atakayoyasikia yatabaki pale.

Aliporudi kutoka kwa yule mdogo, aliketi, akafungua chupa, akanywa taratibu mpaka maji yakaisha. Karatasi ya makubaliano ilikuwa tayari. Kaka mtu, aliyechoka na kesi, alikwisha kutia wino kwenye kidole gumba. Mzee akamshika mkono.

"Karatasi hii mimi siisimamii. Nimefika mwisho wangu."

Nimeyafikiria maneno hayo miaka mingi. Angesema aliyoyasikia, angevunja ahadi. Angenyamaza na kuisimamia karatasi, angemfunga mtu kwa jambo asilolijua. Angeweza kusingizia kifua, maana alikuwa mzee na kikohozi hakikumwacha, lakini huo ungekuwa uongo. Na kuondoka nako ni kusema. Kaka akamkazia macho: "Kakwambia nini?" Mzee akajibu bila kupandisha sauti: "Hata wewe umeniambia mambo, na yako hayajamfikia."

Enzi hizo mabaraza ya kata bado yalikuwa na mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, na wajumbe wenzake walitaka shauri likatwe siku ile ile. Akakataa kuketi nao. Sikio lililosikia faraghani, alisema, halina haki ya kuhukumu hadharani. Nikaandika katika daftari: suluhu imeshindikana. Dafu tuliliacha pale pale.

Mwaka 2021 sheria iliyaondolea mabaraza hayo mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi, ikayaachia kusuluhisha tu, kwa muda wa siku 30. Mzee angefurahia nusu ya kwanza. Nusu ya pili ingemtia shaka, si kwa sababu ya siku zenyewe, bali kwa haraka zinayoizaa. Suluhu haifuati kalenda: Mwalimu Nyerere aliwasuluhisha Warundi kule Arusha, akafariki Oktoba 1999 kabla hawajatia saini. Mandela akaipokea kazi, na mkataba ukapatikana Agosti 2000. Nani atathubutu kuandika kwenye jina la Mwalimu kwamba alishindwa?

Siku hizi suluhu zinahesabiwa kama magunia ya mkaa. Nimemwona msuluhishi akimalizia soda ya mdai huku akimkaribisha mdaiwa. Nimeona mke aliyevimba jicho akiambiwa arudi wakayamalize nyumbani, ili daftari lisiharibike. Na maneno yaliyosemwa mlango ukiwa umefungwa hufika kwenye kundi la WhatsApp kabla ya adhuhuri. Mafunzo yapo, vyeti vimetundikwa ukutani, na kanuni za maadili zimechapwa vizuri. Sijui ni nani kati yetu angetembea kilomita nne na chupa yake mwenyewe.

Jioni ile ya shauri la minazi, tuliporudi, nilimwuliza Mzee alichoambiwa, kwa kuwa nilikuwa mdogo na njia ilikuwa ndefu. Hakukasirika. "Yale nimeyaacha chini ya mkorosho," akasema, akanipa kikapu nimbebee.

Tulipomzika, ndugu wale wawili walikuja, kila mmoja akashika jeneza upande wake. Mkorosho umekatwa siku nyingi. Na nilichokuwa nikikiuliza, hadi leo sikijui.