Alivyoanza Mukirane: fikra ya mwandishi katika milima ya Rwenzori

Kijana wa Mahango au Bwera anayetaka kuishi kwa kalamu huuliza kwanza habari za mchapishaji: yuko wapi, analipa kiasi gani, anapokea mswada wa lugha gani. Ni maswali ya haki, ila yanakuja mapema mno. Kuna kazi inayotangulia, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliifanya katika milima hii zaidi ya miaka sabini iliyopita. Namna alivyoifanya inafaa kuchambuliwa.

Mwaka 1954 mwalimu huyo, Isaya Mukirane, alianzisha chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo, watu wa milima hii. Wakati huo milima hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya ufalme wa Toro, na mtoto wa Kikonzo aliyeingia darasani alifundishwa kwa lugha ya Kitoro. Uasi wa Wakonzo uliozimwa mwaka 1921, viongozi wake Tibamwenda, Nyamutswa na Kapoli walipouawa na serikali ya kikoloni, ulisimuliwa na wazee nyumbani. Mukirane hakusubiri mkaguzi wa elimu wala padri amwambie kwamba masimulizi hayo ni historia. Aliamua mwenyewe kuwa yanastahili karatasi, kisha akaanza kuyatafuta.

Kwa maoni yangu, fikra ya uandishi huzaliwa katika uamuzi huo. Nimesoma maandishi mengi ya vijana wetu ambamo mhusika anaishi katika jiji ambalo mwandishi hajapata kulikanyaga, na theluji inaanguka dirishani, ilhali theluji ya kweli iko kileleni juu ya kijiji chake. Mwandishi wa namna hiyo lugha anaiweza. Kinachompungukia ni imani kwamba mtu wa Mpondwe anayevusha mzigo kwenda Kasindi anatosha kubeba hadithi nzima.

Jambo la pili ni kwamba Mukirane aliunda chama. Anayeandika peke yake huacha siku akichoka, na hakuna wa kumuuliza. Chama kina wenzako wanaosubiri ulichoahidi kuleta. Waandishi wanawake wa Uganda waliligundua jambo hilo hilo miaka ya 1990 walipoanzisha FEMRITE jijini Kampala: hukutana, husomeana rasimu, hukosoana uso kwa uso, na vitabu vingi vimetoka katika vikao hivyo. Watu wanne wenye madaftari, wakikutana Bwera kila juma, tayari wana chombo hicho, na hakiwagharimu kitu.

Mwaka ule ule wa 1954, Mwingereza kijana aitwaye Tom Stacey alizunguka milimani, na Mukirane ndiye aliyekuwa mwenzake wa safari na mkalimani wake. Wawili hao walipita njia moja na kusikia wazee wale wale. Stacey alitoa kitabu *Summons to Ruwenzori* mwaka 1965, akatoa kingine, *Tribe*, mwaka 2003. Mukirane aliingia katika siasa. Mwaka 1962 milima hii ilitangazwa kuwa nchi huru kwa jina la Rwenzururu, na mwaka 1966 alifariki huko huko mlimani. Kalamu yake ilikuwa imehamia kwenye madai na barua za serikali.

Tusiwadanganye vijana kwamba tofauti ile ililetwa na bidii peke yake. Stacey alikuwa na pasipoti, gazeti la London lililomlipa, na wachapishaji waliozungumza lugha yake. Mukirane alikuwa na watu wake waliotaka haki kabla ya kitabu. Lakini katika kazi ya Stacey kuna jambo moja ambalo halihitaji pasipoti. Alirudi milimani mwaka 1963, na kutoka safari ya kwanza hadi kitabu cha pili ilipita miaka 49. Hakuiacha mada yake. Mkulima wa Mahango anaielewa kazi hiyo: mti mmoja wa kahawa huchumwa kwa awamu, leo zilizoiva, nyingine baadaye, na anayezikwanyua zote kwa mkupuo huuza kahawa mbovu. Mswada nao unadai kupitiwa hivyo.

Wala mlima haukunyamaza baada ya Mukirane. Mwanahistoria Derek Peterson ameonyesha jinsi serikali ya Rwenzururu ilivyojijenga kwa maandishi: barua, kumbukumbu, nyaraka zilizopigwa chapa na makatibu. Mtafiti Kirsten Alnaes naye alikusanya nyimbo za uasi wa Rwenzururu na kuziandikia makala iliyochapishwa mwaka 1969. Kwa hiyo tunayo mapokeo ya kuandika, na yalitokana na nidhamu ya makarani.

Neno hilo la karani lisidharauliwe. Shaaban Robert aliajiriwa ukarani wa forodha Tanganyika mwaka 1926, akaitumikia serikali kwa miongo kadhaa, na mashairi, insha na riwaya vikatoka katika saa zilizobaki. Alifariki mwaka 1962. Hata baada ya kifo chake kazi hiyo iliendelea kutoka: riwaya yake *Utubora Mkulima* ilichapishwa mwaka 1968. Mshahara ulimlisha, na kalamu ikapata uhuru wa kukosea bila watoto kulala njaa. Kijana anayefundisha, anayeuza dawa dukani au anayeendesha bodaboda asione kazi hiyo kuwa ushahidi kwamba yeye si mwandishi.

Kuhusu kukataliwa, mfano wa karibu ni mwandishi wa Uganda, Jennifer Makumbi. Wachapishaji wa Uingereza waliikataa riwaya yake *Kintu*. Waliiona ya Kiafrika mno. Hakuipunguza ili iwapendeze. Ilishinda shindano la miswada la mchapishaji Kwani? mjini Nairobi mwaka 2013, ikachapishwa huko mwaka 2014, na Uingereza yenyewe ikaitoa mwaka 2018. Alijua msomaji wake wa kwanza ni nani, na ujuzi huo ulimsaidia kupima ushauri upi aukubali na upi auache.

Anayetaka kuanza Mahango ana mada inayomngoja, na haitangoja sana. Aliyekuwa na miaka 20 Rwenzururu ilipotangazwa sasa amepita 80. Wapo waliobeba barua za Rwenzururu usiku, na akina mama waliowapikia waliokuwa msituni. Maswali ya kuwauliza yaandaliwe sasa, kwa Kikonzo, na majibu yaandikwe siku hiyo hiyo kabla ya kulala. Habari ya mchapishaji itafuata daftari likishajaa.