Mtoto wa Bujumbura na mizani zake

Msimu wa karafuu, kazi ya usiku hapa Gando, Pemba, ni kuchambua. Mchana wachumaji wako juu ya mikarafuu, jioni magunia yanashushwa barazani, na baada ya Isha nyumba nzima hukaa duara kwenye jamvi, taa katikati, kila mtu na chungu lake. Unashika kishada, unakisukuma kwenye kiganja, karafuu zinaanguka huku na makonyo kule. Mikono ina kazi, masikio hayana. Ndiyo maana wakati wa kuchambua ndio uliokuwa wakati wa hadithi, kisha ukawa wa redio, na sasa ni wa simu.

Usiku mmoja wa namna hiyo mtoto wa ndugu yangu aliweka simu yake katikati ya jamvi. "Ami," akasema, "huyu Mfaransa ana neno letu kwenye jina la albamu yake. Hebu sikiliza."

Neno lenyewe ni pilipili. Albamu inaitwa Pili Pili sur un Croissant au Beurre, yaani pilipili juu ya kroasanti la siagi, ule mkate wa Kifaransa uliopindwa kama mwezi mchanga. Ilitoka 2013. Mwenyewe ni Gaël Faye, na kumwita Mfaransa ni kutoa nusu ya habari. Alizaliwa Bujumbura tarehe 6 Agosti 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda aliyekuwa mkimbizi Burundi. Siagi ya baba, pilipili ya mama. Kuna watu wangeandika kurasa kumi kuueleza uchotara huo. Yeye ameutia mdomoni tu, uonje mwenyewe.

Kifaransa changu ni cha kuokoteza, nilikipata Ngazija miaka ya biashara, kwa hiyo mara ya kwanza nilisikia sauti kuliko maana. Si hasara. Anayesikiliza shairi la lugha asiyoimiliki husikia ufundi kwanza, kama mtu anayetazama jahazi asilojua limebeba nini: ataona tanga limekatwa vipi. Nikasikia mtu asiye na haraka. Sauti ya chini, piano nyuma yake, tarumbeta linaloingia na kutoka bila kishindo. Baadaye nilijua kwamba aliyeshirikiana naye kuutengeneza muziki ule ni Guillaume Poncelet, mpiga piano na tarumbeta. Mwanetu amezoea wanarapu wa kufoka, akaona huyu kama anazungumza. Nami nilichokipenda ni hichohicho.

Bujumbura si mbali nasi kama ramani inavyodai. Mji uko kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lilelile la Kigoma na Ujiji, na una mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili ni lugha ya mlangoni na msikitini. Mtoto wa mji ule hukua na Kifaransa cha shule, Kirundi cha mtaani, na Kiswahili cha sokoni kikipenya kote. Faye aliondoka akiwa na miaka 13. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, Burundi ikaingia vitani. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda, kwa kina mama yake. Mwaka 1995 kijana akajikuta Ufaransa, kandokando ya Paris, kwenye baridi na mitaa isiyomjua. Akaanza kuandika. Rapu aliikutia kwenye nyumba ya vijana ya mtaani, mahali pa kawaida kabisa pa watoto wa wahamiaji kushika kipaza sauti kwa mara ya kwanza.

Sitakaa sana kwenye miaka iliyofuata, ingawa ina kichekesho chake. Alisomea fedha, akaenda London kufanya kazi miaka miwili kwenye mfuko wa uwekezaji, akaiacha akarudi kwenye mashairi. Akaunda kundi na Edgar Sekloka, wakajiita Milk Coffee and Sugar. Maziwa, kahawa na sukari: huyu bwana na vyakula!

Lakini ufundi ndio ulioniweka macho, na hapo lazima nirudi nyumbani. Pemba haihitaji kufundishwa mashairi na mtu. Kamange na Sarahani, waliotunga hapa katika karne ya 19 mpaka mwanzo wa ya 20, walijibizana kwa beti kabla neno rapu halijazaliwa, na atakayetaka kuwasoma kuna Kale ya Washairi wa Pemba, iliyohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa na Mkuki na Nyota 2011. Sisi tumelelewa na mizani 16 katika mshororo: nane za ukwapi, nane za utao, na kina katikati na mwisho. Sikio la Kiswahili likikosa silabi moja hujikwaa kama mguu uliokosa ngazi.

Wafaransa nao wana mshororo wao wa kale wa silabi 12, uliokatwa katikati, sita kwa sita. Ni ukwapi na utao kwa jina jingine. Rapu ikaja ikavunja hesabu hiyo na kuleta nyingine. Kipimo chake si silabi, ni pigo: mapigo manne kwa mstari, na ubeti wa kawaida una mistari 16. Namba ni yetu, imehamishwa mahali tu. Ndani ya mapigo manne mtunzi anaweza kutia silabi tano au kumi na tano, shauri yake, mradi ngoma isimwache. Wengi hudhani uhuru huo ni urahisi. Mimi naona ni mtego, kwa kuwa mizani 16 hukuzuia kusema upuuzi mwingi, lakini pigo halikuzuii chochote.

Halafu kuna jambo la kina. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina chetu huja baada ya uzito kupita, kama mwangwi. Mfaransa hukaza silabi ya mwisho ya kifungu. Kwake uzito na kina huangukia mahali pamoja, na katika rapu ngoma nayo ikaangukia hapohapo, vitu vitatu juu ya msumari mmoja. Ukifanya hivyo kila mstari, msikilizaji huchoka kabla ya ubeti wa pili. Faye hufanya lililo gumu zaidi. Huacha sentensi ivuke pigo, kina akakidokeza katikati ya mstari mahali usipokitazamia, na pale ulipokingoja hunyamaza kidogo. Nilirudia kipande kimoja mara sita nikihesabu kwa vidole, karafuu zimesahauliwa miguuni.

Lugha yenyewe humsaidia. Kifaransa kina maneno mengi yanayoandikwa mbalimbali na kusikika mamoja. Neno la "maneno" na neno la "maumivu" hutamkwa sawasawa kabisa. Wanarapu wa kule wamekula sana shamba hilo. MC Solaar, mzaliwa wa Dakar wa wazazi wa Chad, albamu yake ya kwanza ya 1991 aliipa jina kutoka kwenye methali yao ya apandaye upepo, ila badala ya kuvuna tufani yeye akavuna "tempo", yaani mwendo wa ngoma. Silabi moja imebadilishwa na methali nzima imegeuka. Mzee yeyote wa Pemba angeitambua kazi hiyo, kwani sisi tunaiita kufumba.

Nitamke na kosa letu, maana kulisifu shamba la jirani bila kulitazama letu ni unafiki. Vitenzi vingi vya Kiswahili huishia na "a", na kina cha "a" ndicho kitanda cha mvivu. Nusu ya nyimbo ninazosikia redioni hulala hapo: napenda, nakwenda, natenda. Kamange asingekilalia.

Wimbo uliomtambulisha Faye ni "Petit pays", nchi ndogo. Ndani yake yuko mtu asiyepata usingizi, karatasi na kalamu mbele yake, akizungumza na Burundi kana kwamba nchi ni mtu wa kuandikiwa barua. Kiitikio kinaingia kwa lugha ya nyumbani. Hadithi ya vita ile ni kubwa, na kijana mwingine angeimwaga yote. Yeye alichambua. Makonyo yapo mengi ambayo hakuyaimba, na unayasikia kwa kutokuwepo kwake.

Aliyoyabakiza kwenye wimbo hakuyatupa. Mwaka 2016 yalitoka kuwa riwaya, jina lilelile, juu ya mtoto Gabriel anayekulia kwenye kichochoro kisichopenya mtaani Kinanira, Bujumbura. Ikapata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa, ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja, na 2020 ikafanywa filamu. Mwaka 2018 alipata tuzo ya Victoires de la Musique kwa kazi yake jukwaani. Albamu ya pili kamili, Lundi méchant, ilikuja 2020. Riwaya ya pili, Jacaranda, ilikuja 2024 na kuchukua tuzo ya Renaudot. Hesabu mwenyewe: miaka saba kati ya albamu na albamu, minane kati ya kitabu na kitabu. Wakati wanarapu wenzake wakitoa nyimbo kila mwezi wasisahauliwe, yeye alikuwa amehamia Kigali na familia yake.

Kwenye albamu ile ya kwanza kuna wimbo mwingine, "L'ennui des après-midi sans fin", juu ya uchovu wa kukaa bure alasiri zisizokwisha za utotoni. Huo ndio ninaoupenda kuliko yote, kuliko hata ule maarufu. Mtoto amelala, mchana umesimama, hakuna kinachotokea. Mtunzi wa kawaida angekimbia haraka kufika kwenye bunduki. Huyu amekaa na nzi na joto, kwa sababu anajua kilichopotea ni hicho.

Wewe usiyejua Kifaransa, anza na huo. Usitafute tafsiri mara ya kwanza. Keti, shika kazi ya mkono, na uhesabu tu anaponyamaza.