Pongezi kwa Watetezi wa Watoto Njiti

Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa mwaka 2015, inastahili pongezi za dhati. Mwanzilishi wake mwenyewe alizaliwa njiti, yaani kabla ya wakati, na taasisi yake imekuwa ikichangisha fedha na kupeleka kwenye wodi za vichanga vifaa vya kuwasaidia kupumua na kupata joto.

Mimi naiheshimu zaidi kwa utetezi wake. Ilidai bila kuchoka kwamba siku ambazo njiti yuko chini ya uangalizi maalumu zisikatwe kwenye likizo ya uzazi ya mama yake. Mei Mosi 2024 serikali ya Tanzania ilitangaza kulikubali hilo. Ni ushindi mkubwa!

Ila hapa sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, wengi wamejiajiri. Mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo hana mwajiri wa kumpa likizo. Asipofungua meza, hapati kitu, na mwanawe yuko Hospitali ya Muhimbili anasubiri maziwa yaliyokamuliwa. Kwa mama huyu, ushindi huo haujafika. Basi wenye maduka, na ninyi wanavikoba, tengeni fungu la mama wa njiti, na jirani wa meza amuuzie mwenzake mpaka mtoto atoke wodini.