Foleni si kipimo cha mahitaji ya maji

Buterere iko kwenye tambarare ya kaskazini mwa Bujumbura, jirani na uwanja wa ndege. Ndiko liliko jalala la jiji, na ndiko yaliko mabwawa ya kusafishia majitaka. Anayepanga mabomba ya mtaa kama huu lazima kwanza ajue watu wanahitaji maji kiasi gani. Wengi husoma mita ya bomba la umma, wakagawa kwa idadi ya wachotaji. Hesabu hiyo hupotosha.

Chukua bomba linalotoa lita 7.5 kwa dakika na kuhudumia watu 250, viwango vya mwongozo wa Sphere wa misaada ya kibinadamu. Bidoni ya lita 20 hujaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Ili kila mtu apate bidoni moja kwa siku, maji yatiririke zaidi ya saa 11, mbali na muda wa kupishana bombani. Yakitoka saa 4 tu, zitachotwa lita 1,800: lita 7 na ushei kwa kila mtu. Mpangaji akiamini kuwa hayo ndiyo mahitaji, atajenga mfumo mpya wenye uhaba uleule.

Ushahidi upo hapa hapa Afrika Mashariki. Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza kaya za Kenya, Uganda na Tanzania, wakachapisha Drawers of Water mwaka 1972. Waliokuwa na bomba nyumbani walitumia maji mara nyingi zaidi ya waliobeba kichwani. Watafiti waliporudi mwishoni mwa miaka ya 1990, matumizi ya wenye bomba yalikuwa yameshuka hadi karibu nusu, na sababu kubwa ilikuwa mabomba yasiyotoa maji kwa uhakika. Watu hutumia kile kinachowafikia.

Idadi ya watu nayo ina mtego wake. Sensa za Burundi zilihesabu watu zaidi ya milioni 8 mwaka 2008 na takriban milioni 12.3 mwaka 2024, ongezeko la kama asilimia 2.7 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, watu 10,000 huwa 17,000 baada ya miaka 20. Lakini pembezoni mwa jiji hupokea wahamiaji. Kwa asilimia 5 watafika 26,500. Kwa lita 20 kila mmoja, makadirio ya kwanza ni mita za ujazo 340 kwa siku. Ya pili, kwa lita 50 za bomba la uani, ni 1,325. Robo ya maji ikivuja njiani, 1,325 igawanywe kwa 0.75: zitatakiwa 1,767.

Visima vifupi visipunguzwe kwenye hesabu hiyo. Kaya inayofulia maji ya kisima leo itahamia bombani likikaribia, na ni vyema ihamie, kwani tambarare hii hufurika na uchafu huzama ardhini. Tena sehemu kubwa ya maji yanayoingia nyumbani hutoka kama majitaka, hivyo mitaro ipangwe kwa tarakimu zilezile.

Kwa hiyo kila usomaji wa mita uandikwe pamoja na saa ambazo maji yalitoka, na wachotaji waulizwe wangetumia kiasi gani bomba likiwa uani. Bila majibu hayo mawili, mradi usipelekwe kwa wafadhili.